Uganda ilivyozima tamasha la wapenzi wa jinsia moja, na kwa nini jambo hilo linaihusu Kisangani

Jumamosi tarehe 4 Agosti 2012, kundi la watu wapatao mia moja walikusanyika katika Bustani ya Mimea ya Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Kampala. Walibeba bendera za rangi za upinde wa mvua, wengine walivaa vinyago kuficha nyuso zao, wakaimba na kutembea ndani ya bustani hiyo. Lilikuwa tamasha la kwanza la fahari la wapenzi wa jinsia moja nchini Uganda, yale ambayo dunia inayaita Pride. Polisi walifika, wakawashika watu wachache, kisha wakawaachilia.

Miaka 5 baadaye tamasha hilo lilikuwa limezimwa. Na miaka 6 baada ya hapo, Uganda ilipitisha moja ya sheria kali zaidi duniani dhidi ya watu hao.

Kisangani haina tamasha la namna hiyo. Katika komini zake sita, kuanzia Makiso hadi Lubunga, hakuna anayeitisha maandamano ya bendera za upinde wa mvua, na wengi wangeshangaa kuyaona. Hata hivyo mjadala wenyewe umeshafika. Unasikika makanisani, redioni, katika vikundi vya WhatsApp na mabungeni Kinshasa, ambako zaidi ya mara moja wabunge wameleta mapendekezo ya sheria yanayofanana na yale ya Uganda. Kwa hiyo historia ya tamasha la Entebbe na Kampala inaonyesha kitu kimoja ambacho mjadala wa hapa mara nyingi unakisahau: sheria ya namna hii, ikishapitishwa, haiishii chumbani. Inafika hadi kwenye swali la nani anaruhusiwa kukutana na nani, na wapi.

Tamasha hili lilitoka wapi

Asili ya matamasha ya fahari ni mji wa New York, Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969, polisi walivamia baa moja iliyoitwa Stonewall Inn, ambayo wateja wake walikuwa wapenzi wa jinsia moja. Wateja walikataa kuondoka, na ghasia zikadumu siku kadhaa. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Juni 1970, watu waliandamana kukumbuka siku hiyo. Tangu hapo miji mingi ya dunia imekuwa na maandamano kama hayo kila mwaka.

Barani Afrika, maandamano ya kwanza yalifanyika Johannesburg tarehe 13 Oktoba 1990, wakati Nelson Mandela alikuwa na miezi minane tu tangu atoke gerezani. Miongoni mwa waandaaji alikuwa Simon Nkoli, mpiganaji dhidi ya ubaguzi wa rangi aliyekuwa ameshtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas. Kwake yeye, kupigania haki za weusi na kupigania haki za wapenzi wa jinsia moja vilikuwa vita kimoja. Baadhi ya waandamanaji siku hiyo walijifunika vichwa kwa mifuko ya karatasi ili wasitambuliwe. Miaka 6 baadaye, Katiba mpya ya Afrika Kusini ilikataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi.

Uganda ilianza safari hiyo ikiwa na mzigo tofauti.

Kabla ya 2012: sheria ya mkoloni na majina gazetini

Kifungu cha 145 cha Kanuni ya Adhabu ya Uganda, kinachoadhibu "tendo la mwili kinyume cha maumbile" kwa kifungo cha maisha, kina mizizi yake katika sheria za Waingereza wakati wa ukoloni. Kifungu cha aina hiyo kipo pia Kenya na Tanzania, kwa sababu nchi zote tatu zilirithi sheria kutoka mkono mmoja.

Mwezi Oktoba 2009, mbunge David Bahati alileta bungeni pendekezo la sheria mpya lililokuwa na adhabu ya kifo kwa makosa fulani. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2010, gazeti dogo la Kampala lililoitwa Rolling Stone, lisilohusiana na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilichapisha picha na majina ya watu lililodai ni mashoga, pamoja na wito wa kuwanyonga. Watatu kati ya waliotajwa, wakiwemo David Kato na Kasha Jacqueline Nabagesera, walikwenda mahakamani na kushinda: mapema Januari 2011 Mahakama Kuu ililikataza gazeti hilo kuendelea na uchapishaji wa namna hiyo. Tarehe 26 Januari 2011, wiki chache tu baada ya hukumu, Kato aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake Mukono.

Katika hali hiyo ndipo Nabagesera na wenzake walipoamua kuandaa tamasha. Hawakuchagua barabara za Kampala. Walichagua bustani ya ufukweni, mahali ambapo watu huenda kupumzika siku za mwisho wa wiki, mbali na msongamano wa mji mkuu. Hata jina lake lilikuwa la tahadhari: liliitwa fahari ya ufukweni.

Miaka ya matumaini, kisha mlango kufungwa

Tamasha lilirudi Agosti 2013. Lakini tarehe 20 Desemba mwaka huo Bunge la Uganda lilipitisha sheria iliyotokana na pendekezo la Bahati, safari hii bila adhabu ya kifo lakini ikiwa na kifungo cha maisha. Rais Yoweri Museveni aliitia sahihi tarehe 24 Februari 2014. Haikudumu. Tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba iliifuta kwa sababu wabunge waliokuwepo siku ya kupiga kura hawakutimiza idadi inayotakiwa. Siku chache baadaye tamasha la tatu lilifanyika Entebbe, likiwa na furaha kubwa kuliko yaliyotangulia. Mwaka 2015 lilifanyika tena.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2016. Usiku wa tarehe 4 Agosti, polisi walivamia klabu moja katika mtaa wa Kabalagala, Kampala, ambako kulikuwa na shindano la urembo la wiki ya tamasha. Milango ilifungwa, watu wakazuiliwa ndani, zaidi ya 15 wakakamatwa kisha wakaachiliwa usiku huohuo. Kijana mmoja aliruka kutoka ghorofa ya juu akikimbia na kuumia vibaya. Polisi walisema mkusanyiko ule haukuwa halali kwa sababu hawakuarifiwa. Waandaaji walisema waliwaarifu.

Simon Lokodo, waziri wa Maadili na Uadilifu aliyekuwa padri wa Kanisa Katoliki, alitangaza kuwa maandamano hayataruhusiwa. Waandaaji waliyaahirisha. Walipojaribu tena mwezi Septemba mwaka huo, polisi waliwarudisha njiani. Agosti 2017 tamasha lilifutwa kabla halijaanza, baada ya waziri huyo kutishia kuwakamata watakaohudhuria.

Swali ni hili: wakati huo sheria ya 2014 ilikuwa imefutwa. Serikali ilitumia nini kulizima tamasha?

Jibu liko katika kesi ya zamani kidogo. Februari 2012 Lokodo mwenyewe aliingia katika hoteli moja ya Entebbe na kuvunja semina ya watetezi wa haki za wapenzi wa jinsia moja. Walimshtaki, wakisema amevunja haki yao ya kukutana na kujieleza. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliwakatalia. Hoja ya jaji ilikuwa kwamba, kwa kuwa kifungu cha 145 kinaharamisha tendo lenyewe, basi kuhamasisha watu kuhusu tendo hilo ni kuchochea kosa, na haki ya kukutana hailindi uchochezi. Kwa maneno mengine, sheria ya zamani iliyolenga tendo la faragha iligeuka kuwa ufunguo wa kufunga semina, klabu na bustani. Polisi hawakuhitaji sheria mpya. Walihitaji ile ya zamani na waziri mwenye nia.

Sheria ya 2023 na gharama zake

Tarehe 3 Agosti 2022 serikali ilisimamisha kazi za SMUG, shirika kubwa la kutetea haki za watu hao, kwa sababu halikuwa limesajiliwa. Machi 2023 Bunge lilipitisha sheria mpya, na mwezi Mei Museveni akaitia sahihi. Safari hii adhabu ya kifo ilirudi kwa kile sheria inachokiita "ushoga uliokithiri", na "kukuza ushoga" kukapewa kifungo cha hadi miaka 20. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sheria hiyo isimame, ikaondoa vifungu vinne tu, vikiwemo kile cha kumlazimisha raia kutoa taarifa polisi na kile cha kuwaadhibu wenye nyumba. Kifungu cha kukuza ushoga kilibaki. Tamasha lolote la wazi leo linaingia moja kwa moja katika kifungu hicho.

Gharama zilionekana haraka. Agosti 2023 Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya kwa Uganda, uamuzi uliodumu karibu miaka miwili. Marekani iliitoa Uganda katika mpango wa AGOA wa kuuza bidhaa bila ushuru kuanzia Januari 2024. Wahudumu wa afya walisema wagonjwa wengine waliacha kwenda kuchukua dawa za UKIMWI wakiogopa kukamatwa. Na Waganda zaidi walikimbilia Kenya, ambako kambi ya Kakuma tayari ilikuwa na mamia ya wakimbizi wa namna hiyo.

Waungaji mkono wa sheria wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Wanasema jamii ina haki ya kulinda ndoa na watoto kulingana na imani yake, na kwamba fedha za kigeni zisitumiwe kubadili mila za Waafrika. Hoja hiyo ina nguvu kwa watu wengi, Kampala kama Kisangani.

Wapinzani wao wanajibu kwa historia. Kila tarehe 3 Juni Wakatoliki wa Kongo, kama wa Uganda, wanawakumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886. Katika simulizi za wamisionari, moja ya sababu za hasira ya Kabaka Mwanga ni kwamba vijana wa ikulu walikataa matakwa yake ya kimwili. Kwa wengine habari hiyo ni ushahidi kwamba Waafrika walikataa jambo hilo hadi kufa. Kwa wengine ni ushahidi kwamba jambo lenyewe lilikuwepo ikulu kabla mkoloni hajaanza kutawala. Simulizi ni moja, na kila upande unaishika kwa ncha yake.

Kongo imesimama wapi

Katika ukanda huu, DRC na Rwanda ni miongoni mwa nchi chache zisizo na sheria inayotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Burundi iliharamisha mwaka 2009. Tanzania inatoa adhabu ya hadi kifungo cha maisha. Kenya inatoa hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukifuta kifungo hicho. Lakini Kenya ina fundisho lake: Februari 2023 Mahakama ya Juu ilisema shirika la watu hao lina haki ya kusajiliwa, hata kama sheria ya adhabu haijabadilika. Nchi mbili zenye kifungu kilekile cha Mwingereza zimefika mahali tofauti kwa sababu majaji wamekisoma kwa njia tofauti.

Kongo ilirithi sheria za Mbelgiji. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1940 haina kifungu kama cha 145. Inachokuwa nacho ni kifungu cha 176 kuhusu kuharibu maadili mema hadharani, maneno mapana ambayo afisa wa polisi anaweza kuyanyoosha anavyotaka. Watetezi wa haki wanasema kifungu hicho hutumika kuwashika watu na kuwatoza pesa ili waachiliwe. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 40, inazungumzia ndoa kati ya watu wa jinsia tofauti tu. Ndoa ya jinsia moja haitambuliwi, na hilo halina ubishi. Ila kutotambua ndoa ni jambo moja, na kumfunga mtu ni jambo lingine.

Majaribio ya kuvuka mpaka huo yamekuwepo. Pendekezo la kwanza lilifika bungeni mwaka 2010. Mwishoni mwa 2013 mbunge Steve Mbikayi alileta la kwake. Hakuna lililopita. Mwaka 2024 Constant Mutamba, akiwa bado mbunge, aliwasilisha lingine. Mwezi Juni mwaka huohuo, alipokwisha kuwa waziri wa Sheria, aliwaagiza waendesha mashtaka kuwafuatilia wahusika wa vitendo hivyo. Hapo wanasheria wakauliza swali rahisi: kwa kosa gani, kama kosa lenyewe haliko katika kanuni? Msingi wa sheria ya adhabu ni kwamba hakuna kosa wala adhabu bila sheria iliyotangulia, na Katiba inaulinda.

Kanisa nalo limesema. Mwezi Desemba 2023 Vatikani iliporuhusu mapadri kuwabariki watu walio katika uhusiano wa jinsia moja, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa aliongoza maaskofu wa Afrika kukataa, na Januari 2024 wakatangaza kwamba baraka hizo hazitatolewa barani. Lakini Papa Francis, siku chache kabla ya kufika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, alikuwa amesema kwamba kuwa shoga si kosa la jinai, ingawa tendo ni dhambi. Ni tofauti ambayo mwamini wa Kisangani anaweza kuielewa bila shida: dhambi hupelekwa kwa padri, kosa la jinai hupelekwa kwa polisi.

Kwa nini Kisangani

Mji huu una sababu zake za kusoma historia ya Uganda kwa makini. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita. Raia zaidi ya 700 waliuawa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kulipa fidia ya dola milioni 325 kwa uharibifu ilioufanya nchini Kongo, na mfuko wa FRIVAO ukapewa kazi ya kuwafikishia waathirika haki yao.

Ni fedha za waathirika hao ambazo zilimfikisha mahakamani waziri aliyetoa amri ya 2024. Mutamba alishtakiwa kwa kujaribu kuchepusha dola milioni 19 katika mradi wa kujenga gereza jipya hapa Kisangani. Alikanusha, akajiuzulu Juni 2025, na Septemba 2025 Mahakama ya Kasasyo ikamhukumu miaka 3 ya kazi za kulazimishwa. Kesi ile haikuhusu mapenzi ya mtu yeyote. Lakini mwananchi aliyepoteza mguu au mzazi katika siku zile sita ana haki ya kuuliza ni lipi lilistahili kushughulikiwa kwanza na wizara ya Sheria.

Jambo la pili ni haki ya kukutana. Kifungu cha 26 cha Katiba kinasema anayetaka kuandamana anaiarifu mamlaka kwa maandishi. Haombi ruhusa. Kila kikundi cha mji huu kinajua jinsi kifungu hicho kinavyovunjwa: wanafunzi wa UNIKIS, waathirika wanaodai fidia, waendesha toleka, vijana wa vyama vya upinzani. Wote wamewahi kusikia maneno yaleyale yaliyosemwa Kabalagala mwaka 2016, kwamba "hatukuarifiwa". Mji ambao mwaka 1959 uliona damu ikimwagika baada ya mkutano wa Lumumba unajua bei ya maneno hayo.

Jambo la tatu ni afya. Mpango wa taifa wa kupambana na UKIMWI unawataja wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume kuwa kati ya makundi yanayohitaji kufikiwa kwanza. Mgonjwa anayejificha hapimwi wala hapati dawa, na virusi havichagui mlango. Wengi wa wanaume hao wana wake na watoto nyumbani.

Hakuna dalili kwamba Kisangani itaona tamasha la fahari hivi karibuni, na hakuna anayelidai. Wanaohusika wana ombi dogo zaidi: kwenda sokoni, hospitalini na kazini bila kupigwa au kutozwa hongo. Bukavu kuna shirika lao ambalo lilijipa jina la Kiswahili, Mapambazuko, na kazi yake kubwa ni kuwasaidia watu wabaki hai na wenye afya.

Pendekezo la sheria likirudi Kinshasa, wabunge wa Tshopo watapiga kura kwa niaba ya mji huu. Wengi wao watasikiliza dhamiri na waumini wao, na hiyo ni haki yao. Lakini kabla ya kunyoosha mkono, wasome yaliyotokea kati ya bustani ya Entebbe mwaka 2012 na hukumu ya Kampala mwaka 2024. Kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wawili chumbani kilimpa waziri funguo za hoteli, za klabu na za ufukwe wa ziwa. Kisangani, ambayo bado inadai fidia yake na bado inaarifu polisi kila inapotaka kuandamana, inapaswa kuuliza nani atashika funguo hizo hapa, na atazitumia kwa nani baadaye.